Kimulimuli Katika Soko la Maziwa

Siku mjukuu wangu alipotuambia kwamba ndani ya kile kichupa chake mna moto wa kimulimuli, mwanamke aliyekaa karibu naye alisogea nyuma na kumvuta mtoto wake. Sisi wengine tulimcheka. Lakini nakumbuka kwamba na mimi nilirudisha miguu yangu chini ya kiti.

Mimi nauza maziwa ya ngamia hapa Garissa, na mama yangu aliuza kabla yangu. Kusoma nilisoma kidogo tu, katika darasa la ngumbaru, nikiwa tayari mama wa watoto. Kiswahili nilikipata sokoni, kwa wateja, kwa askari, kwa walimu waliohamishiwa huku wakitushangaa na sisi tukiwashangaa. Majina ya watu sisahau. Nikikutana na mtu niliyemwuzia mama yake maziwa yeye akiwa bado mgongoni, namwita kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, mpaka anaona haya mbele ya wenzake. Hapa lakini sitaandika jina la mtu yeyote. Walio hai watanijia mlangoni kulalamika, na waliotangulia hawana njia ya kunisahihisha.

Mjukuu ninayemsema ni binti wa binti yangu. Alisomea mambo ya maziwa Nairobi, akarudi kufanya kazi katika kituo cha kupozea maziwa ambacho sisi wanawake wa soko tulikianzisha kwa kuchangishana. Aliyewahi kukaa Garissa anajua kwa nini tulikihitaji. Maziwa yanatoka porini alfajiri nyuma ya pikapu, yamebanwa kati ya mbuzi na abiria, na jua la hapa halina huruma. Kufika adhuhuri, yasiyouzwa yamekwisha chacha. Kituoni kuna tangi la baridi, na maziwa yakiingia mle yanalala salama mpaka kesho. Ndiyo maana tulipoambiwa kwamba kuanzia mwezi huo hakuna chombo kitakachopita mlango wa kituo bila kupimwa usafi, kila mtu alianza kukitazama chombo chake.

Mimi niliogopa kuliko wote, kwa sababu ya haan yangu.

Haan ni chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, zikabanwa sana hata tone halipiti. Yangu aliisuka mama yangu kwa ajili ya harusi yangu. Wenzangu walikuwa wamehamia mitungi ya plastiki na mikebe mikubwa ya alumini siku nyingi. Mimi nilibaki na haan yangu, na wateja wangu walinifuata kwa ajili yake. Haan inafukizwa. Unawasha vijiti vya mti mgumu wa porini, unavitumbukiza ndani vikiwa makaa, unafunika, unatikisa, moshi unaingia katika nyuzi zote. Maziwa yakikaa humo yanapata harufu ambayo mtu wetu akiinusa mahali popote duniani anakumbuka kwao. Watu walikuwa wanapita meza nyingine zote za maziwa mpaka wanifikie mimi pale mwisho, karibu na wauza mkaa. Basi nilijua wazi: mashine ikiikataa haan, nitamimina maziwa yangu kwenye mkebe kama kila mtu, na wateja watanunua kwa yeyote aliye karibu na barabara.

Nilimwuliza mjukuu wangu nyumbani, baada ya sala ya Alasiri, tukinywa chai.

"Hiyo mashine yako inaona nini?"

"Mwanga, Ayeeyo." Ayeeyo ni bibi, kwa Kisomali.

"Mwanga wa nini? Kwani uchafu unawaka?"

Akaweka kikombe chini. "Kila kitu chenye uhai kina nguvu kidogo ndani yake, kama akiba ya mafuta ya taa. Wewe unayo, ngamia anayo, hata vijidudu vinavyochachisha maziwa vinayo. Maziwa yenyewe yanayo. Sasa kimulimuli ana majimaji tumboni ambayo yakikutana na nguvu ile, pamoja na hewa, yanatoa mwanga. Majimaji kama hayo ndiyo yaliyo kwenye kichupa changu. Napangusa chombo kwa kijiti cha pamba, natumbukiza kijiti kichupani, mashine inatazama. Chombo kikiwa safi, inaona giza. Kikiwa kichafu, inaona mwanga, na namba inapanda."

Lile la maziwa yenyewe lilinipita hivi hivi, maana mimi nilikuwa bado kwenye tumbo la kimulimuli.

"Kwa hiyo wanawakamata na kuwakamua?"

"Zamani walikamatwa wengi mno. Siku hizi wataalamu wamechukua yale maagizo yaliyo katika mwili wa kimulimuli, ya kutengeneza majimaji, wakayatia ndani ya vijidudu vya maabara. Vijidudu ndivyo vinavyotengeneza."

"Kama kumfundisha mbuzi atoe maziwa ya ngamia."

"Karibu hivyo," akasema, akacheka. "Usiwaambie wenzako, watakuja kuniomba huyo mbuzi."

Vimulimuli nawajua. Nilikuwa msichana mdogo tulipohama kutoka upande wa Hulugho, mvua ilipokuwa imetukimbia, tukashuka mpaka mto Tana. Mvua ikatufuata huko huko. Giza lilipoanza kuingia, nyasi za ukingoni zikawa zinawaka na kuzimika, zinawaka na kuzimika. Dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu, akaniambia hizo ni cheche zilizotoroka mekoni mwa watu wa mtoni. Nilimkamata mmoja katika ncha ya shuka yangu. Niliogopa shuka itaungua. Nikangoja, nikaweka kidole polepole, na kumbe baridi! Nililia kwa hasira. Nilijiona nimedanganywa na moto wenyewe. Mama akanikung'utia ile shuka, mdudu akaruka, akawaka juu ya kichwa cha ndama wetu, akaenda zake.

Mjukuu wangu alisema hiyo ndiyo ajabu yake hasa. Taa ya kawaida inapoteza nguvu nyingi kwa joto, lakini kimulimuli anawaka karibu bila joto. "Basi hawezi kuchemsha chai," nikamwambia. Akakubali kwamba kwa chai hafai.

Kesho yake aliwaeleza wanawake wote sokoni, na hapo ndipo yule aliposogea nyuma na mtoto wake. Jirani yangu wa meza, mwanamke mwenye sauti ya kuita ngamia wa ng'ambo ya mto, hakuogopa kitu.

"Na huyo mdudu anawaka ili iweje?"

"Anatafuta mchumba, Eddo," mjukuu wangu akasema. Anamwita shangazi ingawa si ndugu. "Dume anaruka huku anawaka. Jike yuko chini kwenye nyasi anatazama. Akimpenda, anamjibu kwa kuwaka. Na kila aina ina namna yake ya kuwaka, ili wasikosane."

"Astaghfirullah! Hata mdudu anauliza kwanza ukoo!"

Tulicheka mpaka mnunuzi mmoja akauliza kama kuna harusi.

"Na huko Marekani," mjukuu wangu akaendelea, "kuna jike anayeiga namna ya kuwaka ya aina nyingine. Dume anadhani ameitwa na mwenzake. Akitua, yule jike anamla."

"Huyo namjua," jirani yangu akasema. "Ameolewa na kaka yangu."

Siku ya kupimwa niliamka mapema kuliko jogoo. Niliosha haan kwa maji ya moto, nikaianika, nikaifukiza kwa vijiti nilivyovichagua kimoja kimoja, nikasugua ndani mpaka mkono ukauma. Halafu nikafanya jambo ambalo nimelifanya maisha yangu yote bila kufikiri. Kwetu humpi mtu chombo cha maziwa kikiwa kitupu kabisa. Ni kama kumwombea ukame. Hata ukiazima haan ya jirani, unairudisha ikiwa na tone ndani. Nikatia maziwa mabichi kidogo, nikazungusha, nikamwaga nikiacha tone, nikafunika.

Kituoni tulipanga foleni kama watoto wa chanjo. Mjukuu wangu alivaa koti jeupe na glavu, nikamtazama kwa fahari, huku natamani avae kitambaa cha kichwa cha rangi nyingine. Akaanza na mimi, labda kwa heshima. Akapangusa ndani ya haan, akatumbukiza kijiti kichupani, akatikisa, akakiingiza katika mashine yake, ambayo ni ndogo, ya kushika mkononi. Tukangoja.

Namba ikapanda, ikapanda, kama mita ya petroli. Nikaona uso wa mjukuu wangu.

"Labda nimekosea," akasema, akapangusa tena. Ikapanda vilevile.

Jirani yangu akanong'ona kwa sauti yake, maana yake soko zima lilisikia: "Pole, abaayo, dada yangu. Wapishe wenye alumini." Akasukuma mkebe wake mbele, unang'aa kama kioo. Ukapimwa. Namba ikapanda kuliko yangu! Aliyefuata naye, hivyo hivyo. Na wa nyuma yake. Kila chombo kilichoingia pale kiliwaka. Mjukuu wangu alitoa jasho. Aliikagua mashine, akaosha kijiko chake cha chai, akakipima, kikatoka safi. Basi mashine ilikuwa nzima. Wabovu tulikuwa sisi.

Akairudia haan yangu. Akainamisha kichwa, akachungulia, akanusa.

"Ayeeyo, humu mna nini?"

"Mna maziwa, mna nini tena? Ulitaka nikupe chombo kitupu, mtoto wa binti yangu, siku ya kwanza ya kupima? Nikuombee ukame?"

Kisha jirani yangu akasema, "Hata mimi nilitia." Na mwingine, "Na mimi." Foleni yote. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemletea yule msichana chombo kitupu.

Alikaa juu ya kreti, akajishika kichwa kwa glavu zake. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, machozi yakimtoka. "Niliwaambia maziwa yenyewe yanawaka! Ayeeyo, nilikuambia kwenye chai! Leo sikupima usafi, nimepima ukarimu." Halafu akajilaumu mwenyewe, akasema aliyekulia katika nyumba yangu angepaswa kujua. Tukaambiwa turudi wiki ijayo, na vyombo vitupu, vikavu, bila dua ya mvua ndani.

Tulirudi. Safari hii hakukuwa na mzaha mwingi. Mikebe ya alumini ilipita karibu yote. Mitungi ya plastiki mingi ilikataliwa, ile iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, kwa kuwa ina pembe ambazo mkono haufiki na mikwaruzo inayoficha uchafu. Zamu yangu ikafika. Mjukuu wangu akapangusa tumbo la haan, namba ikatoka ndogo. Nikapumua. Akapangusa mdomoni, pale nyuzi zinapokutana na ukingo wa ngozi. Ikapanda.

Nikaosha palepale kwa maji ya moto, mbele ya watu, kwa brashi. Ikapungua, lakini haikutosha. Nikaosha tena. Ikabaki hapohapo.

"Mpitishe," jirani yangu akamwambia, na wallahi alikuwa anamaanisha wema. "Ni Ayeeyo wako. Kwani mashine itakwenda kusema kwa nani?"

Mjukuu wangu alinitazama. Aliwahi kunitazama hivyo akiwa mdogo, alipokuja kuniambia kwamba mwanambuzi wake amekufa. Nikajua jibu kabla hajafungua mdomo.

"Haan haiingii, Ayeeyo."

Nikabeba chombo changu nikaenda nyumbani. Chakula cha mchana nilikula, kwa sababu anjera haina kosa, lakini sikusema neno. Alipotoka kazini akanikuta uani.

"Umenuna?"

"Sijanuna. Nimenyamaza tu."

"Ningekupitisha wewe, kesho ningemkataza nani?"

Hilo nililijua. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile, na ndiyo sababu nilizidi kukasirika. Nikamwambia, "Nionyeshe huo mwanga. Kitu kinachonifukuza mlangoni nataka nikione kwa macho yangu."

Hakubishana. Tuliingia katika stoo ya mkaa, ambayo haina dirisha, tukaziba ufa wa mlango kwa blanketi. Alipangusa mdomo wa haan kwa kijiti kipya. Akasema tungoje kwanza macho yazoee giza. Tukasimama mle kama wezi wawili, na kwa kuwa hatuwezi kukaa pamoja bila kuzungumza, akanisimulia. Baharini, chini kabisa ambako jua halifiki, wanyama wengi wana mwanga wao. Kuna samaki anayening'iniza taa mbele ya mdomo wake, wadogo wanaifuata, wanaingia wenyewe. Na wataalamu wameuazima mwanga wa kimulimuli hata kwa tiba: wanautia katika chembe za ugonjwa ndani ya panya wa maabara, halafu wanatazama kwa kamera kali ugonjwa umefika wapi na dawa inaupunguza vipi, bila kumpasua panya.

Nilimfikiria marehemu mume wangu. Yeye walimpasua kutafuta ugonjwa, na hawakuupata. Sikumwambia mjukuu wangu, ila nilimshika mkono, na nadhani alielewa.

"Sasa," akasema. Nikasikia anatikisa kichupa. "Umeona?"

"Nimeona giza."

"Tazama vizuri."

"Natazama. Ni giza zuri sana."

Akacheka. "Hata mimi sioni. Ni mdogo mno kwa jicho la mtu, Ayeeyo. Mashine ina jicho kali kuliko letu."

"Kwa hiyo nimefukuzwa na kitu kisichoonekana."

"Na maziwa yanachachishwa na kitu kisichoonekana. Hicho unakiamini, kwa kuwa unakionja."

Nilikuwa natafuta jibu la kumkomesha ndipo mbuzi akasukuma mlango, blanketi likaanguka, mjukuu wangu akateleza juu ya mkaa akinishika mimi. Tulitoka nje weusi sote wawili, yeye na koti lake jeupe la kazi. Binti yangu alituona kutoka jikoni, akauliza kama hiyo ndiyo sayansi tuliyomlipia karo.

Haan ikabaki nyumbani kwa maziwa yetu wenyewe, ambayo hunywewa palepale kabla hayajapata nafasi ya kuharibika. Mimi nikanunua mkebe wa alumini. Na kwa kuwa sikuwa tayari kuuza maziwa yasiyo na harufu, kama ya hospitali, nikaamua kuufukiza.

Kila mtu alisema haiwezekani, chuma hakinywi moshi. Mara ya kwanza walisema kweli tupu. Nilitia makaa mengi kama ninavyofanya kwenye haan, mkebe ukapata moto, nikaunguza kanga na vidole, na maziwa yakanuka kama mkate uliosahauliwa. Paka walikataa. Mara ya pili nilitia makaa machache yaliyokaribia kufa, nikafunika moshi ukiwa baridi, nikauacha ukae mpaka mkebe wenyewe upoe. Kisha nikapangusa majivu kwa kitambaa kilichochemshwa. Nikampelekea mjukuu wangu, mkebe mtupu, mkavu. Mikono yangu iliona aibu kuutoa hivyo. Nikasema Bismillahi badala ya tone la maziwa. Akapangusa chini, pembeni, mdomoni. Namba ikatoka ndogo pote. Alinigeuzia tu kile kioo cha mashine nisome mwenyewe, na nikasoma.

Asubuhi yake nilipeleka mkebe sokoni. Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa lori la mifugo anayekwenda Griftu, mtu ambaye haondoki Garissa kabla hajapita kwangu. Nikammiminia kikombe. Akanusa, akafunga macho, akanywa chote.

"Mama, leo haan umeifukiza sawasawa."

"Hakuna haan. Ilikataliwa kituoni. Hayo yametoka kwenye huu mkebe."

Akautazama mkebe, akanitazama mimi, akacheka. "Mama, mimi nimekunywa maziwa yako tangu sina ndevu. Utanidanganya mimi?" Akainama akachungulia chini ya meza. Akazunguka, akanyanyua gunia nililokuwa nimekalia. "Umeificha wapi?"

"Muulize," jirani yangu akamwambia, akinionyesha mimi kwa kidevu. "Ana kimulimuli siku hizi, huenda ndiye aliyeimeza."

Nilifurahi hata nikakaa chini. Kidogo nikaona uchungu pia, kwa niaba ya mama yangu na zile siku zote alizokaa akisuka. Lakini wateja wengine walikuwa wamekwisha simama nyuma ya dereva, wamepita meza zote mpaka kwangu, na vikombe mkononi. Yeye akasukuma kikombe chake mbele.

"Basi jaza tena, nione mwenyewe."

Nikauinua mkebe mbele ya macho yake, nikamjazia polepole. Akanywa, akajifuta mdomo, akainama tena kutazama chini ya meza.